Habari za Mpagazi Mmoja wa Handeni, Jinsi Zilivyotafutwa

Maneno yaliyosemwa na katekista mmoja katika mkutano wa jubilei, Korogwe



Nimeombwa niseme habari za watu wa kale wa nchi yetu. Nilipopewa kazi hii nilidhani nitasema habari za wakubwa, ambao majina yao yamekwisha andikwa na kila mtu ayajua. Lakini nimeona heri niseme habari za mtu mmoja asiyekuwa mkubwa hata kidogo, yaani baba wa babu yangu, Mzigua wa Handeni, mpagazi katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Jina lake sitalitaja leo, na sababu yake mtaisikia.

Nyumbani kwetu habari zake zilikuwa fupi mno. Tuliambiwa kwamba alikwenda na mizigo ya Waingereza, asirudi. Wengine waliongeza kwa sauti ya chini kwamba alipata mke mwingine huko Morogoro, akaisahau nyumba yake. Maneno hayo niliyasikia kisimani nilipokuwa mtoto, nikapigana na mwenzangu kwa ajili yake, wala sikujua kama ninaitetea kweli au uongo.

Mke wake aliachwa na binti mdogo na mimba, na mimba ile ndiyo babu yangu. Alikaa miaka mingi akiitazama njia. Halafu alipotaka kuolewa tena na mtu mwema aliyemtaka, wakubwa wa kanisa la mahali pale walimwambia, “Haijulikani kama mume wako amekufa, ngoja habari.” Akangoja. Parokia ile sitaitaja, na waliosema hayo walikuwa wakiishika sheria kama walivyofundishwa. Yule mama alikufa mwaka 1951, hakuwa mke wala mjane. Basi nilipoanza kutafuta sikutafuta kwa kupenda mambo ya kale tu. Nilitaka kujua kama alingojea mfu, au kama aliachwa na mtu hai.

Kwanza nikumbushe wakati wenyewe. Katika mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jemadari Smuts yalishuka kwa kuufuata mto Pangani na reli ya Tanga. Korogwe ikatwaliwa katikati ya mwezi ule, na siku chache baadaye Handeni. Tarehe 24 Juni wakapigana na Wadachi penye mto Lukigura. Kutoka hapo jeshi lilienda mbali na reli, katika nchi yenye mbung'o, ambapo ng'ombe na farasi na punda walikufa njiani kwa wingi, na magari yakazama katika matope. Ikabaki vichwa na mabega ya watu. Wadachi wamekwisha kuwachukua wanaume wa vijiji vyetu ili wawachukulie mizigo, na sasa Waingereza nao wakawataka wale waliosalia. Jumbe aliambiwa, “Lete watu kadha wa kadha,” naye akawaleta. Pande zote mbili walitumika watu karibu milioni moja katika vita ile ya nchi zetu. Wanahistoria hukadiri kwamba wapagazi wa Waingereza peke yao waliokufa walikaribia 100,000, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na kichomi, na unga ambao haukuiva kwa kukosa kuni kavu na nafasi ya kupika.

Basi nikaanza na hesabu ya watu, ambayo siku hizi twaiita sensa, kwa kuwa nilisikia ya kuwa katika nchi za Ulaya mtu aweza kumwona babu wa babu yake katika daftari ya hesabu, pamoja na umri wake na kazi yake na watoto wake. Nikafikiri na kwetu ni vivyo hivyo. Sivyo. Serikali ya Waingereza ilihesabu watu wa Tanganyika mwaka 1921, tena 1928, tena 1931, lakini hesabu zile zilitegemea majumbe na vitabu vya kodi. Zilizopelekwa juu zilikuwa jumla ya wanaume, na wanawake, na watoto. Mwaka 1921 walitoka milioni nne na kidogo. Mama yule mwenye kungojea yumo katika milioni nne zile, kama tone la maji limo katika mto Pangani; lakini nani atakayemtoa humo amwonyeshe? Hesabu ya 1948 ilifanywa kwa uangalifu zaidi, na watu walizidi milioni saba. Hata hivyo iliyochapwa ni jumla za wilaya na makabila. Na hizi za siku zetu, tangu ile ya 1967, majina yaliyoandikwa ndani yake ni siri kwa sheria. Mwaka 2022 karani alikuja kwangu na kishikwambi chake, akauliza majina yetu mmoja mmoja, nami nikayataja kwa furaha kubwa kuliko alivyotazamia. Alinishangaa.

Kitabu cha kodi ni afadhali kidogo, maana mwenye kodi hutajwa. Lakini kitabu cha kodi hakimtafuti mtu ila yule awezaye kulipa. Aliyekufa hufutwa, na aliyetoroka hufutwa, na kalamu ya kufutia ni ile ile moja.

Nikageuka kutafuta habari za vita. Hapa napenda kuwaonya wale watakaotafuta wazee wao, maana mimi nilipoteza miaka miwili kwa kutojua. Waingereza walikuwa na idara ya wapagazi, chini ya Bwana Oscar Watkins, na kutokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho tumepata jina la Kariakoo katika Dar es Salaam. Kila mpagazi aliandikwa katika orodha, akapewa nambari, na nambari ilipigwa juu ya kipande cha chuma, akakivaa. Kwa hiyo yaonekana ni rahisi. Lakini jina gani liliandikwa? Mzigua ana jina la utoto, tena ana jina la ukubwa, na mara nyingi ni hili lenye “Se” mbele yake, tena ana jina la utani, na akibatizwa ana la ubatizo. Karani mgeni asiyejua Kizigua husikia “Se” akaiandika mbali, kama jina jingine, ama huiacha kabisa. Na yule asiyesikia hata kidogo huandika Juma, kwa kuwa ni siku ya Ijumaa. Mtu mmoja akawa watu watatu katika karatasi, na watu watatu wakawa mmoja.

Tena palikuwa na jambo baya kuliko makosa ya makarani, nalo ni kutotaka kujua. Vita ilipokwisha, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali, kwa kuwa warithi wao hawakupatikana kwa majina yale, na fedha nyingi hazikuwafikia jamaa zao kamwe. Makaburi yao nayo, yule gavana wa kwanza wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, aliona heri yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ukumbusho wao na wa askari pamoja, lakini hapana jina hata moja juu yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mbele ya watu kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda wengi zaidi sana, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika nyaraka za jeshi huko Kenya yameonekana majina zaidi ya 3,000 ya askari na wapagazi waliokufa. Kwa hiyo msikate tamaa upesi kama nilivyotaka kukata mimi.

Na askari wa Wadachi nao walikuwa na taabu ya karatasi. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa wale wazee mishahara yao, wengi walikuja bila cheti chochote. Yule aliyeleta fedha akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijeremani kama anavyoamriwa askari mwenye bunduki, nao wakafanya bila kukosa, baada ya miaka karibu hamsini. Wale walikuwa na bahati, maana mwili wao ulitoa ushahidi. Mpagazi hana cha kuonyesha ila kovu la begani, na huyu wangu hata begani hakurudi nalo.

Habari yenyewe nikaipata mahali nisipopatazamia. Padre wetu alinipa kazi ya kunakili vitabu vya zamani vya parokia, maana mchwa wamekwisha kula jalada za viwili na kuanza cha tatu. Vitabu hivyo vina pengo katika miaka ya vita, kwa sababu Wadachi waliwakamata mapadre na walimu Waafrika wa misheni ya UMCA, na wengi wao walifungwa hata Tabora ilipotwaliwa na Wabelgiji katika Septemba 1916. Nilipofika katika ubatizo wa 1927 nikamwona babu yangu. Mahali pa kazi ya baba yake mwandishi ameandika maneno mawili tu: “Mpagazi, hajarudi.” Nikaketi kitako. Ni miaka tisa tangu vita kwisha, na bado wameandika “hajarudi,” wala si “hakurudi.”

Na katikati ya kitabu hicho hicho palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa mashine, ya Kiingereza. Ni orodha ya wapagazi wa upande wa Handeni waliokufa na mishahara yao kusalia, majina thelathini na manne. Nadhani ililetwa ili isomwe kanisani na barazani, warithi wajitokeze. Kila mstari una nambari, jina, jina la baba, jina la jumbe, mahali na mwezi wa kufa, na rupia zilizobaki. Nikaisoma kwa mikono yenye kutetemeka, nikairudia mara tatu. Jina la baba wa babu yangu halimo, wala la utoto, wala la ukubwa, wala la utani.

Lakini jina la nduguye mkubwa limo. Baba yao ni yule, na jumbe ni yule. Amekufa hospitalini Morogoro, Februari 1917, amebakiza rupia 31. Na kando ya mstari huo, kwa kalamu ya risasi, kuna maneno haya: “Yu hai. Makosa.” Tena mstari wote umepigwa kalamu.

Nilicheka, nakiri. Yule mzee kila mtu amjua. Alibatizwa mwaka 1926 na kuzikwa mwaka 1943, na vyote viwili nimevinakili kwa mkono wangu. Nikaona amri ya karani tena, nikasema moyoni, “Hata maiti wao hawakuwajua.” Nikaikunja karatasi nikairudisha, nambari tu niliiandika katika kijitabu changu pamoja na nyingine, kwa desturi ya kunakili. Nikakaa miezi saba bila kufahamu kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Halafu palikuwa na arusi katika nyumba ya upande ule, wajukuu wa yule mzee mkubwa. Baba mkubwa wangu, ambaye sasa ni mkubwa wa nyumba yao, alifungua sanduku la zamani ili atoe nguo ya kumtunza bibi arusi, na ndani yake palikuwa na kipande cha chuma chenye tundu. Akakiinua kwa fahari, akasema, “Hiki alikivaa babu vitani.” Watoto wakakipokea wakakitazama, kikafika kwangu. Kilikuwa na nambari, tarakimu moja imesagika. Sikusema neno. Nilirudi nyumbani usiku ule kwa miguu, sikungoja ngoma, nikafungua kijitabu changu. Ni nambari ile ile ya aliyekufa Morogoro.

Ndipo nilipoanza kufikiri kama ilivyonipasa kufikiri tangu mwanzo. Mtu mmoja hawezi kufa Morogoro mwaka 1917 na kubatizwa Handeni mwaka 1926. Ama karani alimwandika aliye hai kuwa amekufa, ama mtu mwingine alikufa kwa jina lake. Nililijaribu lile la kwanza kwa uaminifu, maana nilijua la pili litaumiza watu. Huenda yule mkubwa alikwenda vitani kweli, akatoroka na chuma chake shingoni. Lakini mtoro hupigwa kalamu kama mtoro, haandikwi kufa hospitalini na kuhesabiwa rupia zake. Tena, kama ni hivyo, mdogo wake yu wapi? Jumbe alitakiwa watu kwa hesabu, na majina aliyajua yeye. Mkubwa ametajwa, na mkubwa hayupo, amekimbilia mlimani, mdogo yupo. Jumbe hataki kupungukiwa. Mdogo akasimama penye jina la nduguye, karani akaandika alichoambiwa. Na alipokufa, mwenzake aliyerudi akakileta kile chuma nyumbani kwa mwenye jina, kwa kuwa huko kambini ndivyo alivyomjua.

Ushahidi huu si kamili mbele ya hakimu, nami nilijua hivyo. Palibaki kuuliza. Je, nikaulize? Wale ni ndugu zetu, tunazikana na kusaidiana kulima, na fahari ya nyumba yao ni kwamba babu yao alikwenda vitani akarudi. Nilikaa Kwaresima nzima bila kwenda. Mke wangu ndiye aliyeniambia, “Yule bibi alingoja miaka thelathini na mitano, nawe unaogopa kwenda mwendo wa saa moja?”

Nikaenda. Baba mkubwa alinipokea barazani, nikaamkia, tukazungumza habari ya mvua na mahindi. Kisha nikasema, “Baba mkubwa, naomba radhi. Nina neno juu ya kile chuma, na kama ni vibaya kulisema, unikataze sasa hivi.” Akaniambia, “Sema, mwanangu.” Nikamwambia yote, nikamwonyesha nakala ya ile karatasi. Alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, “Bibi yangu alikuwa akihesabu watoto wake hivi: huyu amezaliwa mwaka wa nzige, huyu amezaliwa mwaka babu yenu alipolala mapangoni. Sisi tulidhani alikuwa akiwinda.” Akatazama chini, akaongeza, “Babu hakuvuka mto Lukigura maisha yake yote. Hata kwa msiba hakuvuka.”

Nami nikakumbuka neno alilonisimulia babu yangu, ambalo sikulitia maanani: kwamba kila mavuno, tangu akiwa mdogo, baba yake mkubwa alikuja jioni na kikapu cha mahindi, akakiweka mlangoni pa mama yake, akaenda zake bila kubisha hodi. Wazee walikuwa wakishangaa mambo mawili juu ya mtu yule: ukarimu huu, na jinsi alivyokataa hata kusikia habari ya kumrithi mke wa nduguye, kabla hajabatizwa, ingawa ndiyo ilikuwa desturi. Sasa nafahamu. Kumrithi mjane ni kusema kwamba ni mjane, na kusema hivyo ni kujibu swali la nani aliyekujulisha.

Mawazo yangu hurudi mara nyingi kwenye siku ile orodha iliposomwa. Jina lake lilisomwa katika majina ya waliokufa, naye akisikia. Bila shaka watu walicheka, kama nilivyocheka mimi. Padre naye akatoa kalamu yake akaandika yale maneno mawili. Katika watu wote waliokuwapo, yeye peke yake alijua ni habari ya nani iliyoletwa. Angalisema, angalionekana mtoro mbele ya serikali, na rupia 31 zingalidaiwa, na mke wa nduguye angalikuwa huru kuolewa. Hakusema. Watoto wetu wakaniuliza kama namchukia. Nimekuwa katekista miaka kumi na tisa, na nimewaona watu wema wengi wakinyamaza kwa sababu ndogo kuliko ile. Lakini sitasema ya kuwa lilikuwa jambo dogo, maana naujua mlango ule ambapo kikapu kiliwekwa, na mama aliyekuwa ndani yake.

Tulikaa vikao viwili, wazee wa nyumba zote mbili. Wengine upande wao walisema ni afadhali karatasi ile ichomwe. Kijana mmoja wa upande wetu alidai mengi, hata mashamba, naye alinyamazishwa na dada zake. Baba mkubwa hakusema mengi. Katika kikao cha pili alikileta kile chuma, amekifunga katika kitambaa safi, akampa baba yangu. Baba yangu alikipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho kidogo, kisha akamrudishia, akasema, “Kaa nacho wewe, kaka, hata siku ile.”

Siku ile ndiyo niliyotaka kuwaambia. Baada ya mavuno ya mwaka huu tutakwenda wote penye kaburi la yule mama, nyumba mbili pamoja na padre, ili tuondoe tanga ambalo halikuondolewa tangu 1917. Wazee wameomba jina la mumewe lisichapwe katika kitabu wala lisitajwe mkutanoni kabla halijatajwa pale. Ndiyo sababu nimelificha mbele yenu, mniwie radhi. Padre amenipa ruhusa niandike katika ile karatasi, chini ya maneno ya kalamu ya risasi, jina la aliyekufa hasa, na la mkewe. Nafasi iliyopo ni kama upana wa kidole, nimekwisha kuipima. Nitaandika kwa wino tukitoka makaburini, na jina lenyewe atakayelitaja ni baba mkubwa.